Kikao Kikishafungwa

Kiwandani kwetu kila kikao huzaa kingine. Cha kwanza hufanyika ndani, ofisini kwa mzee Kamugisha, kikiwa na sala ya kufungua, ajenda, soda na sala ya kufunga. Humo hakuna anayesema kitu. Cha pili hufanyika nje, kwenye benchi la Mama Lulu muuza chai, mara tu cha kwanza kinapoisha. Huko kila mtu ana neno na ana ushahidi, tena ana dawa ya kila tatizo la kiwanda, la serikali na la timu ya taifa. Ndani mabubu, nje mawakili, na ni watu wale wale.

Mimi ni Zubeda, msimamizi wa kiwanda hiki kidogo cha mikate hapa Mtoni, mtaa wa pili ukitoka Kilwa Road. Mwenye kiwanda ni mzee Kamugisha, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba. Ni mtu wa haki, sina la kumsingizia, ila akikohoa tu watu wazima wanasahau hata majina yao. Asubuhi moja aliniita kabla sijavua baibui.

"Zubeda, mikate inarudi."

Ilikuwa inarudi kweli. Mkate wetu ulikuwa ukifika dukani leo, keshokutwa umeshaota ukungu, na wenye maduka wanamrudishia dereva wetu kwa magunia huku wakimpa na maneno ya kutuletea.

"Mikate inaharibikia ndani ya mfuko," akasema mzee, "na anayesimamia mifuko ni Bupe. Leo kikao utaongoza wewe. Mkitoka humo bila jibu jingine, Bupe hana kazi."

"Lakini mzee, Bupe..."

"Jibu jingine, Zubeda. Niletee jibu jingine."

Bupe ni mkuu wa wapakiaji, dada wa Kinyakyusa mwenye mikono misafi kuliko sahani zangu za Idi. Amefunga mikate tangu kiwanda kikiwa banda la mabati. Nilitoka ofisini nimegawanyika. Nusu ilikuwa hofu kwa ajili yake na nusu, Mungu anisamehe, ilikuwa furaha. Miaka yote nimekuwa nikisema siku nikipewa mimi kikao watanitambua. Sasa nimepewa, na shingo ya rafiki yangu iko mezani.

Tuliingia. Noela, karani wetu, akafungua kwa sala. Mzee Kamugisha akakaa pembeni, mikono kifuani. Nikasimama ubaoni nikaandika kwa herufi kubwa: MIKATE INAOTA UKUNGU. KWA NINI? Nikageuka na tabasamu langu lote.

Albano, fundi wa oveni, alikagua kucha zake. Edgar dereva alisoma maandishi ya chupa ya soda kama anasoma barua ya mchumba. Bupe aliangalia mikono yake tu.

"Haya jamani, mawazo! Hakuna wazo baya leo."

"Mie naona tuongeze umakini," akasema Albano.

Vichwa vyote vikaitikia. Umakini! Kikao cha ndani hakijawahi kuisha bila umakini. Mvua ikivuja darini, umakini. Panya akila unga, umakini.

"Umakini wa nani, kaka Albano?"

"Wa wote kwa ujumla."

"Labda upande wa upakiaji," Edgar akadokeza, macho yakiwa bado kwenye chupa.

"Au upande wa gari," akasema Bupe taratibu. "Turubai lenyewe linavuja."

"Gari langu halivuji, dada Bupe. Labda oveni haiivishi."

"Oveni yangu?" Albano akainuka nusu.

Mzee Kamugisha akakohoa. Albano akakaa. Pakawa kama msibani, tena msiba wa mtu ambaye hakuna anayemdai wala anayemlilia. Nikasubiri. Nikauliza tena, nikabembeleza, nikatania. Hasira zikanipanda hadi masikioni, maana niliona wazi kuwa Bupe anaondoka huku tunaangaliana kwa adabu.

"Noela, funga kikao."

"Da Zubeda, bado mengineyo."

"Funga!"

Noela akafunga kwa sala fupi kuliko zote alizowahi kusali. Viti vikaburuzwa, watu wakaelekea mlangoni, na hapo hapo, wallahi, ndimi zikafunguka. Albano alikuwa mbele yangu kabisa, akimnong'oneza Edgar: "Mikate yenyewe inafungwa ingali inaunguza mikono. Kwa nini isiharibike?"

Nikamdaka shati. "Umesema nini?"

"Aa, Da Zubeda! Kikao si kimefungwa?"

"Kimefungwa! Ndiyo maana nakuuliza. Twendeni nje wote, chai juu yangu."

Sijui wazo lilitoka wapi, ila miguu yangu ililijua kabla ya kichwa. Tukajazana kwenye benchi la Mama Lulu, naye akaanza kumimina chai ya rangi na kugawa vitumbua. Niliwachanganya makusudi: Edgar nikamketisha kando ya Bupe, Albano nikambana kati yangu na Noela, ili asiwepo mtu wa kunong'onezana na wa kwake.

"Sheria ni moja," nikasema. "Hapa hakuna kusema fulani ana kosa. Kila mtu aseme alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Edgar, wewe unaona nini ukiteremsha mikate?"

Edgar akakuna kidevu. "Mie? Naona mifuko imelowa kwa ndani. Matone matone. Nikiigusa iko kama imetoka jasho."

"Kwa ndani?" akauliza Bupe. "Una hakika siyo kwa nje?"

"Kwa ndani, sista. Nje pakavu."

"Basi siyo turubai," akasema Bupe, polepole, kama mtu anayejitoa mwiba.

Nilitamani kupiga vigelegele. Mara ya kwanza mwaka mzima upakiaji na usafiri wanazungumza bila kurushiana mpira! Albano tayari alikuwa amesimama.

"Ngojeni hapo hapo," akasema, akakimbia ndani. Albano, ambaye kikaoni tulidhani kiti kimemganda, alikimbia! Akarudi na mkate uliotoka motoni sasa hivi, ameushika kwa kipande cha gunia. Bupe naye akafuata mwingine uliopoa. Akaufunga wa moto kwenye mfuko, akaufunga wa baridi kwenye mfuko mwingine, akaiweka yote miwili kwenye meza ya Mama Lulu, kati ya vitumbua na sukari. Tukainama wote, vichwa vinagongana.

Mfuko wa mkate wa moto ukaanza kujaa mvuke. Kwanza juu, kisha pembeni, kisha tone likajikusanya, likanona, likateremka ndani ya plastiki. Mfuko wa pili ulikuwa mweupe pee.

"Huyo! Huyo anateremka!" akapiga kelele Edgar.

"Umetoka jasho kama bwana harusi," akasema Mama Lulu.

Tukashangilia hadi wapita njia wakasimama. Noela, mtoto wa watu mpole, alikuwa akirukaruka na kikombe mkononi, chai inamwagika. Nilijisikia kama nimeshinda kombe. Jibu jingine lilikuwa mezani, linaonekana kwa macho, na Bupe alikuwa ameliweka hapo kwa mikono yake.

Kelele zilimtoa mzee Kamugisha ofisini. Nilimwona kwa pembe ya jicho akija taratibu, akasimama nyuma ya benchi. Wenzangu hawakumwona. Mama Lulu alimpa kikombe kimya kimya, na mimi sikumtambulisha kwa mtu. Nikajua nikisema "karibu mzee" tu, chai itageuka soda.

"Tusiishie hapo," nikasema. "Kwa nini tunafunga mikate ya moto? Dada Bupe?"

"Kwa sababu gari linapiga honi. Zamani tulikuwa tunaiacha kwenye trei ipoe mpaka mtu anaigusisha shavuni bila kuungua. Siku hizi honi inalia mikate ndiyo kwanza inatoka."

"Edgar, kwa nini unapiga honi?"

"Natakiwa niondoke kabla ya alfajiri, Da Zubeda. Na nikifika Kurasini nafanyaje? Duka limefungwa! Nakaa hapo napiga stori na mlinzi mpaka jua linatoka. Yule mlinzi namjua mpaka majina ya wajukuu zake."

Kicheko kikalipuka. Albano alishika mbavu. Yaani tulikuwa tunawahi kwenda kusubiri mlango uliofungwa, na mkate unaoza njiani kwa haraka ya bure! Mimi pia nilicheka hadi machozi, kisha nikauliza swali lililobaki, bila kulifikiria.

"Sasa kwa nini unaondoka mapema hivyo? Nani alisema?"

Kicheko kikakatika. Kila mtu alikuwa analijua jibu. Lilikuwa kwenye simu zetu wote, kwenye grupu la kiwanda, ujumbe wa mzee Kamugisha mwenyewe: kuanzia sasa gari litoke kabla ya alfajiri, bila visingizio. Na chini yake tulikuwa tumepanga foleni, mmoja baada ya mwingine: Sawa mzee. Sawa mzee. Sawa mzee, na vile vikono vya kuomba. Mimi niliweka vitatu.

Edgar akageuka kutafuta sukari, akamwona mzee. Akaweka kikombe chini. Wakamwona wote.

Ulimi ulinikereketa. Kwa tabia yangu ningeshalisema na kuongeza chumvi. Lakini nilijua nikilisema mimi, litakuwa neno la Zubeda mwenye mdomo, na kesho litasahaulika pamoja na midomo yangu mingine. Nikauma meno. Nikanywa chai iliyokwisha poa. Kimya kile kilikuwa kirefu, na kwa mara ya kwanza maishani nilikiacha kiendelee.

Bupe akasimama. Akajifuta mikono kwenye aproni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Ni wewe, mzee. Ulisema gari litoke mapema. Tulijua mikate haitapoa. Mie nilijua siku ile ile. Na nikakujibu sawa."

Mzee Kamugisha hakukohoa. Aliangalia mifuko miwili mezani, ule unaolia na ule mkavu, akainama akaugusa ule wa moto kwa kidole.

"Kwa nini hamkuniambia? Si nimewauliza leo hii?"

"Umetuuliza kikaoni, mzee," akasema Albano kwa sauti ya chini.

Nikaona nafasi. "Na wewe, mzee, kwa nini uliagiza hivyo?" Nilimuuliza kama nilivyowauliza wengine, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza "kwa nini" tangu alipoacha chaki. Akakaa kwenye benchi, kando ya Edgar ambaye alijibana kumpisha.

"Duka moja la Tabata lilinipigia kulalamika kwamba tumechelewa," akasema. "Moja tu. Nikaogopa yatafuata mengine."

"Lile la Tabata linafungua mapema kweli!" Edgar akadakia, hofu imemtoka. "Lenyewe peke yake! Tulipelekee mikate ya jioni, iliyokwisha poa. Hayo mengine niende jua likitoka."

"Na mie nitasogeza trei dirishani," akasema Albano. "Feni lile la ofisini lije huku, mzee, wewe una dirisha."

"Chukueni feni," akasema mzee Kamugisha.

Hapo ndipo palipochemka. Kila mtu alikuwa anaongea, Noela anaandika nyuma ya karatasi ya vitumbua, Edgar anachora njia ya gari kwenye vumbi kwa kijiti, Albano anabishana na mzee Kamugisha, anabishana naye kabisa, na mzee anajibu "hapana, sikia kwanza" kama mtu wa kijiweni. Nilisimama katikati yao nimejaa furaha hadi kooni. Kazi yangu ilikuwa kuuliza na kunyamaza, na niliona nikiendelea hivi nitakuja kuwa mtu wa maana.

Walipoanza kurudi ndani na zile trei, mzee alimwita Bupe. Nami nikabaki.

"Bupe, nikuambie kitu. Asubuhi nilimwambia Zubeda kwamba leo ningekuondoa kazini. Nilikosea. Nisamehe."

Nilimtazama Bupe nikitegemea mshtuko. Hakushtuka. Alikuwa akikunja ule mfuko uliolowa.

"Nilijua, mzee. Noela alisikia mlangoni, akaniambia kabla hatujaingia."

"Ulijua?" nikaropoka. "Na bado ukathubutu kusimama ukasema vile?"

"Ndiyo maana nikasema, Zubeda. Nilishahesabu kuwa nimeondoka. Ningekuwa na uhakika wa kubaki..." Akaangalia chini, akacheka kidogo, bila furaha. "Ningenyamaza kama nyie."

Mzee Kamugisha akarudisha kikombe kwa Mama Lulu.  Ndani, Albano alikuwa akiita watu waje kushika feni.

"Basi sasa kazi unayo," nikamwambia hatimaye. "Siku nyingine ukiona kitu, utasema?"

Bupe akatupa mfuko kwenye ndoo ya taka, akamtazama mzee kwanza, kisha mimi.

"Niulizeni kesho," akasema, akaenda kushika feni.