Mabuu Meupe Katika Tembe ya Chediel

Mdogo wangu Chediel alijenga tembe yake hapa Sepuka miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na malori yakaanza kushusha kila kitu: mitumba, sabuni za kunukia, hata boriti. Zamani mwanaume alikata miti yake kiangazi, akaibambua magome, akailaza juu ya moshi wa jikoni mpaka ikawa myeusi. Chediel alikuwa na haraka, anaoa. Akanunua boriti za lori, magome bado yameng'ang'ania, akazipandisha hivyo hivyo na kuzitwisha udongo wa paa.

Sasa, wajukuu zangu, humo kwenye gome ndimo mayai yanamotagwa. Mnamjua yule mdudu mwenye pembe ndefu kupita mwili wake? Jike lake hutafuna ufa kwenye gome la mti uliokatwa karibuni, akaacha yai. Buu likianguliwa huingia ndani, likala mti huku linaziba njia nyuma yake kwa ungaunga. Hukaa humo hata miaka, na kwa nje usione kitu.

Belinda, mke wa Chediel, alilisikia. Akipepeta mtama jioni, juu kunalia krr, krr, na ungaunga unadondokea kwenye ungo.

Siku moja nikamwambia Chediel, "Kitendawili!"

"Tega, dada."

"Nina mgeni, simpikii, na kila siku anakula kwangu."

"Buu!" Akacheka. "Mwache ale. Boriti hii nene kuliko kiuno chako."

"Kiuno changu hakijabeba udongo."

Akacheka tena, akaenda kwa ng'ombe wake.

Mwaka Belinda alipokuwa mjamzito, mvua zilikuja nyingi, paa likavuja majuma kwa majuma. Ndipo ile krr, krr ikakoma. Mvua zilipokatika kidogo katikati ya msimu, Chediel akachokoa boriti kwa kisu, akatoa buu moja, akatoa jingine. Yote yamekufa, magumu kama chaki, yamefunikwa na ukungu mweupe.

"Dada, njoo uone! Yamepata tauni!" Alikuwa anaruka kama mtoto. "Si kama kuogesha ng'ombe? Kupe wamekufa, mnyama amepona."

Belinda alikuwa ameshika mlango, tumbo mbele. "Ng'ombe huota nyama tena, baba. Mti uliokatwa utaota nini?"

"Mwanamke, unaombea nyumba mabaya?"

Niligusa ile boriti. Ilikuwa na maji kama kitambaa kilichokamuliwa vibaya. Ukungu ule hupenda unyevu. Ulikuwa umeyaua mabuu, lakini kile yalichokula hakuna aliyekirudisha. Nikamwambia Chediel aweke nguzo ya kushikilia katikati.

"Nguzo katikati ya nyumba, wageni wajigonge vichwa? Nitaongeza udongo, isivuje tena."

Jirani yetu Gasto na wenzake wakaja kupandisha udongo, kama kawaida yetu kusaidiana. Waliimba juu ya paa, wakanywa togwa, wakamtania Chediel kwamba mtoto atazaliwa pakavu kuliko kwa padri mwenye bati. Belinda hakucheka. Jioni ile akaniomba, "Wifi, naomba nilale kwako mpaka nijifungue." Chediel akasema aende tu, yeye hawezi kuikimbia nyumba iliyopona.

Mvua ikarudi mchana, siku chache baadaye. Chediel alikuwa ndani anamfunga ndama. Mimi na Belinda tulikuwa uani kwangu tunachambua mlenda. Hatukusikia mti ukivunjika, tulisikia kishindo kimoja tu, kizito, kama gunia limetupwa kutoka kwenye lori.

Gasto na wenzake walichimba kwa majembe na mikono. Boriti ilikuwa imekatika katikati. Kwa nje mti, ndani ungaunga ulioshindiliwa, umelowa kama uji. Chediel alikuwa anahema. Akaniangalia na udongo kwenye kope.

"Dada," akasema, "imevuja?"

"Haijavuja," nikamjibu.

Tukampakia kwenye mkokoteni, tumpeleke hospitali. Njia ilikuwa tope, ng'ombe wanateleza. Kabla hatujafika barabarani Gasto alimgusa Chediel shingoni, akanitazama, kisha akageuza ng'ombe. Belinda alikuwa anatembea ubavuni mwa mkokoteni, amemkunjulia mumewe kanga juu ya uso. Aliona tunarudi. Aliendelea kuishika ile kanga kwa mikono miwili, mvua isimnyeshee.