Kovu la Hinepau

Hinepau alikufa akiwa na miaka ishirini, bila kuacha hata picha moja. Basi nikamchora kwa rangi za akriliki, nikimtazama pacha wake, Bibi Merania, na kumpunguzia miaka sitini. Wawili hao walifanana kama shilingi kwa ya pili.

Nilipoipeleka picha ikatundikwe, Mjomba Paora akanizibia mlango wa ukumbi wa ukoo. "Huyo ni Shangazi Merania! Aliye hai hatundikwi ukutani pamoja na marehemu. Unataka kumzika kabla ya siku yake?"

Damu ikanichemka. "Ni pacha, Mjomba! Ulitaka nimtazame nani, wewe na ndevu zako?"

"Haingii!"

Bibi Merania akaja na mkongojo wake, akaikagua picha. "Paora anasema kweli, mjukuu wangu. Huyo ni mimi. Toa brashi. Mtie kovu hapo kidevuni, kushoto."

"Kovu la nini, Bibi?"

"La jiwe. Nilimrushia mimi, tukigombania kitana."

Nikalitia palepale. Kabla rangi haijakauka, Mjomba akavua kofia na kusogea kando.

"Pita, Shangazi," akaiambia picha.