Jiwe Ndani ya Kizibao

Kamshat alikuwa mtu wa kulala mchana, na ole wako umwamshe. Baada ya chai alijinyoosha kwenye godoro lake chini ya dirisha, nyika imetulia huko nje, na ndoto zikamjia moja moja bila haraka. Ndivyo alivyokuja Sapar, marehemu mumewe, mwezi wa Desemba, theluji ikiwa imefika magotini. Ndotoni lakini ilikuwa Mei. Maua mekundu yalitanda mpaka macho yanapoishia, na Sapar amesimama katikati yake, taa yake ya mgodini inawaka kichwani mchana kweupe. Alitabasamu, akanyoosha mkono, basi.

Kijijini kwao ndoto huamuliwa na mtu wa kwanza kuisikia. Akiifasiri vibaya, imekwenda vibaya hiyo, hairudi. Kwa hiyo watu humtafuta mwenye moyo mweupe, wakamsimulia yeye tu. Kamshat alimchagua Kamshat. Angemwambia nani mwingine? Nurzhamal, mke wa mwanawe, acheke mpaka amwage maziwa? Thubutu! Akajifasiria mwenyewe, kwamba Sapar anataka jiwe lake liwalinde watoto wake.

Jiwe hilo lilikuwa jeusi, dogo kama yai, na zito ajabu. Sapar alirudi nalo siku mgodi wao wa urani ulipofungwa, akasema, "Hili limenilisha miaka kumi na tisa." Baadaye mapafu yalimmaliza, lakini jiwe halikulaumiwa na mtu. Lilikaa ndani ya sanduku la mahari, limeviringishwa kwenye skafu yake, na siku za upweke Kamshat alilitoa akalishika kidogo. Kwake yeye hilo halikuwa urani. Lilikuwa Sapar.

Basi akaligonga kwa nyundo, likapasuka mapande mawili. Pande moja akalishonea kwenye hirizi ya ngozi ya pembe tatu, na hirizi akaificha ndani ya bitana ya kizibao cha sufu ya ngamia alichomfumia Yerden, mwanawe, upande wa moyo. La pili akalitia chini ya mto wa mjukuu, kwenye susu, kitanda chake cha kubembea, pamoja na kisu kidogo na kioo ambavyo kila mtoto wa pale hulalia kama kinga. Kisha akalala usingizi mtamu.

Yerden naye alifanya kazi ya urani, ila hakuingia chini ya ardhi kama baba yake. Siku hizi wanateremsha asidi kwa mabomba mpaka kwenye mchanga wa chini kabisa, inairamba urani huko gizani, na maji yakipanda yamekwisha kuibeba. Yerden alikagua mabomba hayo, siku kumi na tano kazini, kumi na tano nyumbani. Unga wa manjano uliopatikana, wa kuzalishia umeme, ulijazwa mapipani ukapanda treni kwenda Uchina, kwenda Ufaransa, kwenda kusikojulikana.

"Mama, taa za Paris zinawaka kwa jasho la mwanao," alipenda kusema.

"Waambie wa Paris wakuletee buti, hizo zako zimetoboka."

Mwezi wa Mei ukaja msiba. Kila mfanyakazi huvaa beji kifuani ya kukusanya mionzi, nazo zilikuwa zimepelekwa mjini kusomwa. Za wenzake zilikuwa safi. Ya Yerden ilizidi kiwango mara thelathini. Msimamizi akamuuliza alikuwa akilala wapi, juu ya mapipa? Au alikuwa akichota unga akauze? Akarudishwa nyumbani. Ikifika Jumatatu bila sababu kujulikana, kazi hana tena.

Akakaa kizingitini siku tatu, chakula hagusi. "Mimi si mwizi, mama."

"Najua, mwanangu," Kamshat akasema, na moyo ukamuuma kwelikweli.

Siku ya nne kampuni ikamleta binti mmoja mpimaji wa mionzi, jina lake Rabiga, na kimashine chake mkononi. Nyika yote ilikuwa nyekundu kwa maua. Kamshat alimnywesha vikombe vitatu vya chai ya maziwa kabla ya kumruhusu kupima chochote. Rabiga akapima buti, kimya. Akapima nywele za Yerden, kimya. Alipofika kwenye kizibao kilichotundikwa msumarini, mashine ikalia kama mafuta ya moto yaliyoingia maji.

Akachana bitana. Hirizi ikaanguka.

"Mama! Nini hii?" Yerden akauliza.

"Baba yako," Kamshat akasema.

Yerden alimtazama, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, akakaa chini kwa kucheka. Rabiga naye akacheka huku akimpigia simu msimamizi. Jumatatu Yerden arudi kazini. Chumba cha ndani Nurzhamal alikuwa akitikisa susu kwa mguu, akapaza sauti, "Mama mkwe, mume wangu umemvisha urani! Mimi je, utanipikia?"

Kamshat alicheka nao, lakini jicho lake lilikwenda kwenye mlango wa chumba cha ndani. Binti huyu akiondoka, alijiambia, nitalichukua lile la pili nikalitupe korongoni. Nani atajua? Miaka yote hii nyumba hii imenisikiliza mimi.

"Lakini kwa nini, mama?" Rabiga akauliza, akiliweka pande la jiwe kwenye kisanduku cha madini ya risasi, kisichopitisha mionzi.

Ndipo Kamshat akaisimulia ndoto yake kwa mara ya kwanza, maua, taa, mkono.

"Mkononi alikuwa na kitu?"

"Hakuna. Kiganja juu, kitupu."

"Basi alikuwa anaomba, mama," Rabiga akasema tu, kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Alitaka umrudishie."

Akasimama kuaga. Mgeni hatoki bila kuonja mkate, kwa hiyo akanyoosha mkono kupewa kipande, kiganja juu. Kamshat alikitazama kiganja kile. Alikitazama mpaka Yerden akaacha kucheka.

"Ngoja, binti yangu. Usifunge kisanduku."

Akatembea mpaka mlango wa chumba cha ndani, ameshika ukuta. Rabiga akamfuata, na mashine mkononi mwake ikaanza kulia kabla hawajavuka kizingiti. Mguu wa Nurzhamal ukasimama juu ya susu.

"Nurzhamal, mwanangu," Kamshat akasema. "Nisamehe. Mtoe mtoto."