Msiba Chini ya Boneti

Jana usiku niliota nimefungua boneti ya pikapu ya marehemu kaka yangu Hizza, nikakuta ndani kumetandikwa mikeka.

Sikushangaa. Nilivua viatu, nikaingia. Shida yangu ilikuwa moja: asubuhi tunakwenda Mlalo kwenye arobaini yake, na mama amekataa kupanda. "Gari linalolia silipandi," alisema. "Sisi wenyewe tumeshalia vya kutosha."

Katikati ya mikeka amekaa mkanda wa injini, mweusi, mwembamba, analia kwa sauti nyembamba ya kukata masikio. Vyuma vimemzunguka.

"Shangazi, nani kakukosea?" namuuliza.

"Si mimi," anasema pampu ya maji, kabla hajaulizwa.

Natoa kipande cha sabuni nimpake mkanda anyamaze, kama nilivyofanya wiki nzima.

"Weka chini hiyo sabuni!" Ni kaka Hizza, na ovaroli yake, amekaa juu ya betri. "Ufundi gani huo, bwana mdogo? Mgonjwa anapimwa. Mpe maji. Akinyamaza kidogo kisha akaanza tena, puli, gurudumu analozungukia, imekaa upande. Akizidisha kelele, amelegea."

Mara tuko zahanati. Mkanda amelala kitandani. Namnywesha kijiko kimoja cha maji. Analia mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka.

"Amelegea," anasema Hizza, anaandika kwenye cheti. "Sasa, nani amesogea akamlegeza?"

Altaneta, mzee mnene anayechaji betri, anakohoa.

"Nilisogea kidogo tu. Sinia la wali pale msibani lilikuwa mbali."

"Mjomba! Kwa wali?"

"Ulikuwa wa nazi, baba."

Namshika mabega, namvuta nyuma hadi mahali pake. Hizza anakaza nati. Mkanda anajinyoosha, anafuta machozi, anaanza kuzunguka bila sauti.

"Kaka, twende wote Mlalo."

"Mimi si niko hukohuko? Nyie njooni tu. Na mama aje."

Niliamshwa na sauti ya mama uani. Kulikuwa kumekucha.

"Umeliwasha saa ngapi hili gari? Nimelisikia linaunguruma vizuri, halilii hata kidogo."

"Sijaliwasha, mama. Ndiyo kwanza naamka."

"Acha utani wako."

Nilitoka pekupeku, nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Mama alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani.