Mwezi Ulionuka

Mwezi wa kumi, mwaka huu wa El Nino, ulikuwa na mazuri yake, na nitaanza nayo ili mtu asiseme mimi Mong'ina kazi yangu ni kulalamika. Nilifungua belo la mitumba nikakuta viatu vya mvua vya watoto, vizima kabisa, na kwa matope yaliyokuwa Migori siku hizo viliisha kabla sijavipanga mezani. Nilipata jiko la udongo linaloivisha maharagwe kwa makaa kidogo, nikalipenda kuliko redio. Cephas, kifungua mimba wangu aliye bweni, alitoka nambari tatu darasani. Na Sheila, kitinda mimba, miaka mitatu, aliacha kukojoa kitandani. Kwa mama wa watoto wanne anayeshinda sokoni, hiyo ya Sheila peke yake ni sikukuu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimejipangia kusema Homa Bay. Maana kwetu ni lazima useme. Jumapili ya mwisho ya kila mwezi watoto wa Mzee Oyaro hukutana nyumbani kwa mmoja wao, watu wanakula, halafu kila mama anasimama na kueleza kilichompendeza mwezi huo na habari za nyumba yake. Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyeanzisha. Alisema amechoka kuitwa kuamua ugomvi wetu, na angalau siku moja kwa mwezi anataka kusikia mtu akifurahi.

Zamu ilikuwa ya Japheth, kaka mkubwa wa mume wangu, anayeuza saruji na mabati Homa Bay. Mzee alikuwa kwake tangu mwezi wa tisa, baada ya kupooza upande mmoja, ili awe karibu na hospitali. Mwezi uliotangulia, tulipokutana kwangu Migori, Scovia mke wa Japheth alisimama akasema kilichompendeza kuliko vyote ni kumhudumia Baba kwa mikono yake. Tulimpigia makofi mpaka akafuta machozi. Makofi yangu yalilia kuliko ya wote, ujinga mtupu.

Basi tukafika, mimi na mume wangu Gichana na Sheila, tumelowa. Nyumba ya Scovia imejaa sofa, na kila sofa ina vitambaa vya kufuma hadi kwenye mikono, huwezi kuegemea bila kuviangusha. Truphena, dada yao aliyeolewa Rangwe, alikuwa ameshatangulia. Nikauliza Baba yuko wapi tumsalimie. Scovia akasema amelala, daktari amekataza asisumbuliwe. Pilau ikaja. Sitadanganya, ilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba niliongeza.

Scovia akasimama wa kwanza. Akasifu friji. Akasifu chupa mpya ya chai inayohifadhi moto hadi kesho yake. Akasifu sofa, kana kwamba hatukuwa tumezikalia. Mwishoni akainamisha kichwa na kusema zaidi ya yote anamshukuru Mungu kwa baraka ya kukaa na Baba. Truphena akasema amina.

Hapo Sheila akataka choo. Nikamshika mkono upesi, kwa kuhofia sofa zile, tukazunguka nyuma ya nyumba. Choo kiko mwisho wa uwanja, lakini harufu ilitukuta kabla, kwenye stoo ya saruji. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya, kutoka nje. Mtoto akaziba pua. Nikadhani ni mbwa amefia humo, nikafungua.

Alikuwa ni Baba. Mzee Oyaro, aliyefundisha nusu ya watu wa kijiji chetu kusoma, alikuwa amelala juu ya godoro lililotandikwa kwenye mifuko mitupu ya saruji, na godoro limeloa, na si mvua iliyolilowesha. Suruali yake ilikuwa imekauka mbele na mbichi nyuma. Inzi walikuwa kwenye sahani ya ugali, wakitoka hapo wanakwenda kwake, wakitoka kwake wanarudi kwenye sahani. Aliponiona akageuza uso ukutani. Nilirudi nje nikatapika pilau yote ya Scovia kando ya mabati, na sijawahi kufurahia kutapika namna ile.

Nilimpeleka mtoto choo, maana mtoto hangoji, kisha nikaingia sebuleni na kuwaambia nilichoona. Nilitegemea kelele. Hakuna aliyeshtuka ila Truphena, naye aliweka leso mdomoni akabaki hapo hapo kwenye sofa. Scovia alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyejiharia.

"Mama Cephas, hiyo ni chinsoni," akasema. "Baba hawezi kulala ndani ya nyumba ya mtoto wake. Na mimi mkwe siwezi kumwona bila nguo. Unataka nifanye nini?"

Chinsoni ni heshima yetu Abagusii, sitaidharau. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mkwe hamgusi, na hata watoto wake wa kuwazaa hawamwoni uchi. Mjukuu tu ndiye asiyefungwa nayo, yeye anaweza kumwosha babu yake huku wakitaniana. Lakini wajukuu wote wenye nguvu walikuwa bweni. Japheth akaeleza kwamba alikuwa ameajiri kijana mmoja Mkuria, Mwikwabe, amwoshe Baba kila asubuhi, lakini mvua ilipozidi Mwikwabe alikwenda kwao Kehancha na hajarudi. Nikauliza alikwenda lini. Japheth akatazama mkewe, mkewe akatazama friji. Ndipo Japheth akasema tusiwe na haraka, mtoto wao Oliver akifunga shule atamwosha babu yake vizuri.

"Shule zinafungwa mwezi ujao," nikasema.

 Nikamgeukia mume wangu. Gichana alikuwa bado ameshika mfupa. Akasema tungoje kidogo, tukae chini kama familia, tuone vile tutafanya. Jamani, nimeishi na huyo mwanamume miaka kumi na saba, nimemfulia, nimemzalia, na siku hiyo nilimtazama midomo yake ikimeremeta mafuta nikageuza macho. Mzee wake ameoza hatua chache kutoka kwenye sahani yake, naye anataka kikao. Heshima gani hiyo inayomkataza mtu kuona uchi wa baba yake lakini inamruhusu kula huku akimnusa?

Nikaingia jikoni. Kulikuwa na sufuria kubwa ya maji moto ya kuoshea vyombo, nikaimimina kwenye beseni jipya lililokuwa limeegemezwa ukutani. Scovia alinifuata mbio.

"Hilo beseni ni la kunawisha wageni."

"Basi nimepata mgeni," nikamwambia, nikachukua na sabuni yake ya kuogea, ile ya kunukia.

Kule stoo Baba alijua nimekuja kufanya nini. Alianza kutikisa mkono wake mzima, hapana, hapana. Alivuta ile suruali juu kwa mkono huo mmoja, na uchungu nilioupata hapo ni wangu peke yangu. Nikapiga magoti kwenye saruji. Nikamwambia, Baba, nitaanza na miguu tu.  Midomo yake ilikuwa imepinda, maneno yanatoka nusu, lakini hili lilitoka zima.

"Nifunike uso."

Nikafungua leso yangu kiunoni nikamfunika uso. Halafu nikamwosha, miguu na kwingine kote. Sitasema yote niliyoona. Nitasema kwamba kwenye kiuno palikuwa na kidonda cha kulalia ambamo ningeweza kuweka ngumi yangu, na maji ya beseni nilibadilisha mpaka Truphena, aliyekuwa amesimama nje akinipa maji huku ametazama kando, akaanza kulia kwa sauti. Nilimwacha alie. Maji alikuwa analeta.

Nilipomaliza, nimemvisha Baba shati na suruali za Japheth zilizokuwa kwenye kamba ya barazani, wanaume wakaja. Japheth sasa alikuwa na maneno mengi. Alisema nimefanya vizuri sana, kwa vile Baba sasa ni msafi anaweza kubaki hapo hapo, yeye atatafuta mtu mwingine hata kesho. Nikamwambia alete pikapu yake ya saruji, tunaenda Migori. Akaangalia mbingu, akasema barabara ni mbaya. Nikamwambia kama barabara ni mbaya nitambeba mgongoni, na nikifika sokoni Rodi Kopany watu wataniuliza huyu ni nani, na mimi mdomo ninao.

Pikapu ilikuja.

 Tulipokaribia Migori, Gichana akauliza kwa sauti ya chini Baba atalala wapi. Kitandani kwetu, nikasema. Na yeye je? Nikamwambia dukani kwangu sokoni kuna marobota ya mitumba, yana joto, na kama chinsoni inamsumbua basi huko haitamfuata. Alikwenda kweli. Bado yuko huko ninapohesabu mambo ya mwezi huu, anakuja kula, na mimi nampakulia bila kumtazama mdomo.

Kulikuwa bado na mwanga tulipomshusha Baba. Mlangoni akashika fremu kwa ule mkono mzima, akakataa. Miguu haina nguvu lakini mkono ule ulikuwa chuma. Hakutaka kuvuka. Japheth akapata nafasi ya kuniambia unaona, mzee mwenyewe hataki.

"Baba," nikamwambia sikioni, "hii nyumba ni yangu. Niliikandika mwenyewe. Mtoto wako hana nyumba hapa."

Akafikiri. Kisha akaachia fremu.

Nilimlaza, nikamgeuza ubavu ili kidonda kipumue. Japheth alikuwa ameshageuza pikapu. Nilikuwa nikitoka kwenda kuwasha jiko aliposema kitu, ikabidi nirudi niiname.

"Uliniona?"

"Sikuona kitu, Baba. Nilifumba macho."

Alinitazama kwa lile jicho lake zima, jicho la mwalimu aliyezoea kudanganywa.

"Basi kesho fumbua," akasema. "Mgongoni uliacha uchafu."