Usituambie Mwisho

Kisiwa cha Nzwani kilipojitenga na Moroni, mji mkuu wa Komoro, vijana wenye bunduki ndio waliokuwa serikali mjini Mutsamudu. Simu ilipatikana kwa bahati, na meli kubwa zilizuiwa. Hata hivyo, kila alasiri wanawake wa mtaa wa Hombo walijaa sebuleni kwa Chahida, mshona nguo, kuangalia tamthilia ya Elvira, mjane ambaye mumewe amerudi akiwa hai siku chache kabla ya yeye kuolewa tena.

Kanda za video zilitumwa na Nassima, wifi yake Chahida, aliyekaa mtaa wa Magoudjou, Moroni. Nassima alitangulia kuziangalia, lakini kwenye simu alizungumzia homa, harusi na mchele tu.

"Nikikwambia yaliyotokea, nitakuwa nimekuibia," alisema.

Kanda ya mwisho aliipakiza kwenye boti ya mizigo. Bandarini Mutsamudu ikakamatwa na Kamardine, kijana wa doria, mtoto wa Zainaba, jirani yake Chahida.

"Cha Moroni hakiingii," alisema.

Kesho yake, wanawake wakiwa wamekusanyika, akaja mpaka mlangoni kwa Chahida, bunduki begani, anacheka.

"Nimeshaiangalia. Mnataka kujua Elvira alifanya nini?"

"Nyamaza," mama yake akamwambia.

"Mama, tamthilia tu hiyo. Elvira—"

Zainaba akaanza kaswida kwa sauti kubwa. Wenzake wakaipokea kwa makofi. Kamardine alipopaza sauti, nao walipaza. Alisema mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na hakuna aliyesikia neno. Akageuka kuondoka.

Chahida akajitanda shiromani yake nyekundu, akamfuata.

"Kanda yangu iko wapi?"

"Rudi nyumbani, mama."

Hakurudi. Wanawake wote wakatoka nyuma yake, wakiimba mpaka bandarini. Wapagazi wakaweka mizigo chini kutazama. Mkubwa wa doria akatoka kwenye kibanda chake.

"Wanataka nini hawa?"

"Bandari mmechukua," Zainaba akamjibu. "Redio mmechukua, na mwanangu pia mmemchukua. Mwisho wa Elvira tutauona kwa macho yetu, hatusimuliwi na mtu. Ukitaka kupiga risasi, anza na mimi."

Zainaba hakusogea. Mpagazi mmoja akacheka, kisha wote wakacheka. Yule mkubwa akamtazama Kamardine kwa hasira.

"Wape kanda yao, waondoke hapa."

Waliiangalia jioni ileile, umeme uliporudi. Mume anabisha hodi. Elvira anaweka mkono kwenye komeo. Picha ikaishia hapo.

Kamardine alikuwa amesimama kizingitini, bila bunduki.

"Wewe ulitaka kutuambia nini?" mama yake akamuuliza.

"Kwamba alimfungulia."

"Uliona akifungua?"

Kamardine akainamisha kichwa. "Sikuona."

"Hakufungua," alisema Zainaba. "Mtu akae miaka bila hata salamu, halafu abishe hodi tu?"

"Kafungua," alisema Chahida. "Ule si mkono wa mtu anayefunga."

Wakaanza kubishana wote kwa pamoja. Kamardine alitaka kutia neno lake, akaambiwa angoje zamu. Akavua viatu, akaketi pembeni mwa mkeka.