Mpaka Filimbi Tatu

Kumi na mmoja. Winifrida akahesabu tena, safari hii akiwagusa vichwa mmoja mmoja, mvua ikimchuruzika mgongoni. Kumi na mmoja. Asubuhi walipotoka mtaani Mazwi, mjini, walikuwa kumi na wawili.

"Nani hayupo?" aliuliza, ingawa alikwisha kuona.

"Fortunata, mwalimu," wale skauti wadogo, Kabu, wakajibu kwa pamoja, meno yakiwagongana.

Fortunata wa Isdori fundi baiskeli. Miaka saba, wa mwisho kuapishwa, mdogo kuliko wote, skafu yake ikimfika kiunoni.

Jamani, mambo mengine mtu hujitakia! Kwenye skauti kila umri una kazi yake, na Winifrida mwenyewe aliyafundisha hayo kwenye semina sijui ngapi. Kabu, wale wa miaka saba hadi kumi, kazi yao ni nyimbo, michezo, kufunga mafundo, kukaa duara na kusikiliza hadithi. Wakubwa wao ndio wa kusoma ramani, kulala kambini, kunyatia na kujificha porini. Rova, vijana waliokwisha kuvuka kumi na nane, ni wa kuongoza wenzao na kuhudumia watu. Imepangwa hivyo kwa sababu. Lakini mwisho wa mwezi kamishna wa skauti alikuwa anakuja kukagua, na Winifrida alitaka kumwonyesha Kabu ambao hajapata kuwaona popote Rukwa. Basi Jumamosi hiyo ya Machi akawapandisha milima ya Mbizi pamoja na wakubwa, akawapa zoezi la wakubwa: jifiche, kaa kimya, usitoke mpaka usikie filimbi tatu. Sifa tu. Hakuna kingine kilichompandisha huko juu na watoto wa watu.

Na filimbi yenyewe haikuwepo. Zoezi lilipokuwa limeanza tu, skauti mmoja mkubwa aliteguka mguu, na Loth, Rova pekee aliyekuwa nao, akampakia kwenye bodaboda kumkimbiza hospitali mjini. Akaondoka na filimbi shingoni. Hakuna aliyeikumbuka, si yeye wala mwalimu wake. Mvua ilipoanguka na radi zake, Winifrida akapiga makofi na kupaza sauti, "Tokeni! Mchezo basi, tokeni!" Kumi na mmoja wakatoka mbio kwa hofu ya radi.

Akawatuma wakubwa wawashushe watoto hadi barabarani, kwenye nyumba ya kwanza watakayoiona. Yeye akabaki. Akapanda juu ya jiwe, simu akaiinua juu mpaka mtandao ukakamata, akampigia Isdori. Alisema maneno machache, mengine yakakatika. Isdori akakata simu.

"Fortunataaa!"

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magugu. Ukiita, sauti inakwenda hatua ishirini inafia hapo. Winifrida aliita mpaka koo likawaka. Alichungulia kila kichaka, alipiga magoti kwenye kila tundu, akashuka mpaka ukingoni mwa korongo ambako asubuhi palikuwa na maji ya kuruka kwa hatua moja. Sasa yalikuwa yananguruma, mekundu, yanaburuta matawi. Akasimama pale akayatazama. Mungu wangu, asiwe humu. Mahali pengine popote, lakini asiwe humu.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Amos, Msukuma mwenye boma chini ya msitu, aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Geita miaka mingi iliyopita. Aliwasikia watoto barabarani, akaacha ng'ombe malishoni, akapanda na fimbo yake na koti la mvua.

"Ana miaka mingapi, mama?"

"Saba."

Amos akalitazama korongo, kisha akamtazama yeye, kisha akatazama pembeni. "Mimi nitafuata maji kwenda chini," alisema. "Wewe baki huku juu." Akaanza kushuka, akichokoa matawi ya ukingoni kwa fimbo yake.

Isdori alifika saa kumi, matope mpaka magotini, mikono bado ina grisi. Hakumsalimia. Alimpita hivi, akaanza kumwita mwanawe kwa Kifipa na kwa Kiswahili, akizunguka eneo lile lile, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akivunja matawi. Winifrida alimfuata nyuma kama mtu anayefuata jeneza. Kila sauti ile ilipopasuka na kuanza upya, alitamani ardhi immeze.

Saa moja nzima ikapita hivyo. Mvua ikawa manyunyu, na baridi ya Ufipa ikaanza kuuma sawasawa. Amos akarudi kutoka chini. Akatikisa kichwa: hakuona kitu. Isdori akasimama katikati ya uwazi, akahema.

"Mwanangu nikimwita huitika," alisema, bila kumlenga mtu. "Hata akiwa chooni huitika. Hata akilala. Kama hanijibu, basi hayupo." Akageuka akayatazama maji. "Tukubali tu kwamba hayupo."

Hapo ndipo moyo wa Winifrida ulipopiga paa!

Alikumbuka Jumamosi iliyopita, kwenye uwanja wa mpira nyuma ya shule. Zoezi lilikuwa lile lile. Wakubwa waliokuwa wakitafuta walipaza sauti za uongo: "Fortunata, baba yako amekuja kukuchukua!" Mtoto akaruka kutoka nyuma ya ukuta, anacheka, mikono wazi. Kundi zima likamzomea. Na yeye Winifrida, badala ya kumkumbatia, alifanya nini? Alimvua skafu mbele ya wenzake. "Skauti hadanganyiki," alimwambia. "Hata baba yako akuite, hata mama yako akuite, hutoki. Filimbi tatu ndipo unatoka. Umenielewa?" Mtoto akaitikia kwa kichwa, machozi yakimdondoka kwenye viatu. Asubuhi hii ndipo aliporudishiwa hiyo skafu, akaifunga mwenyewe, fundo likakaa shingoni sawasawa.

Angeweza kunyamaza. Mnajua wangapi wangenyamaza? Angesema tu, tujaribu kupiga filimbi, nani angejua kwa nini? Lakini Isdori alikuwa anayatazama maji yale kwa namna mbaya, mguu mmoja ukingoni.

"Baba Fortunata," alisema. "Yupo. Anakusikia."

Isdori akageuka.

"Anakusikia ila haitikii. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia asitoke hata ukimwita wewe. Nilimwadhibu kwa hilo."

Amos akainamisha macho kwenye fimbo yake.

"Umemfundisha mwanangu asiniitikie mimi?" Isdori aliuliza taratibu. Afadhali angepiga kelele. "Mimi baba yake?"

"Ndiyo."

Alimsogelea mpaka Winifrida akanusa grisi kwenye mikono yake. Alidhani atapigwa, na kusema kweli aliona ni haki yake. Lakini Isdori alisema tu, "Sasa mtoe."

"Anangoja filimbi tatu. Filimbi anayo Loth, yuko mjini."

"Si kupuliza tu?" Amos akadakia. Akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi mara tatu, mkali wa kupasua masikio. Kule chini kwenye ukungu ng'ombe wake wakaitikia, mmoja baada ya mwingine. Kichaka hakikutikisika hata kimoja.

"Hatatoka," Winifrida alisema, na sasa alikuwa analia wazi wazi. "Asubuhi niliwaambia mluzi wa wachungaji wasiujali. Niliwaambia wote! Wasidanganyike."

"Kumbe uliziba kila mlango!" Isdori akasema.

Kwenda mjini na kurudi ingekuwa giza. Mtoto ameloa tangu saa nane, kaptula na shati jepesi, na usiku wa huku juu hata ng'ombe hutafuta ukuta wa kuegemea. Winifrida akajipapasa mifukoni, bila kujua anatafuta nini. Leso iliyoloa. Simu iliyozima. Kalamu.

Kalamu!

Akaitazama. Kila wiki darasani kwake alikuwa akiwanyang'anya watoto vifuniko vya kalamu, maana walivipuliza nyuma ya mgongo wake, sauti nyembamba kali ya kuudhi, na yeye kila mara akigeuka akidhani ni filimbi ya mwalimu wa zamu. Saa tatu! Saa tatu nzima alikuwa nacho kifuniko kifuani. Akakichomoa, kikamponyoka, akakiokota kwenye matope, akakifuta kwa ulimi. Akaziba kitundu cha juu kwa kidole, akakiweka kwenye mdomo wa chini. Midomo ikatetemeka, ukatoka upepo mtupu. Akajaribu tena. Upepo.

"Mwalimu," Isdori akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya kusihi. "Tafadhali, mwalimu."

Akavuta pumzi.

Ikatoka moja, kali. Ya pili. Ya tatu.

Hatua kumi kutoka aliposimama Isdori, mahali alipopita mara tatu, majani yakasogea chini ya jiwe lililoinama. Ukatoka mkono. Kisha kichwa. Fortunata alitambaa, maana miguu ilikataa kusimama. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Alitambaa moja kwa moja, akampita baba yake, akaenda miguuni kwa Winifrida, akajaribu kuinua vidole vya saluti, vikagoma kunyooka.

"Mwalimu," alisema kwa shida, "sikutoka. Niliona viatu vya baba, sikutoka. Nimeshinda?"

Winifrida akapiga magoti, akavishika vile vidole.

"Mjibu," Isdori akasema.

"Umeshinda, mwanangu," Winifrida alisema. "Umeshinda."

Amos alikwisha kuvua koti lake. Isdori akamvua mtoto shati lililoloa, akamkausha kwa fulana yake mwenyewe, akamviringisha kwenye koti, akambeba mgongoni. Skafu ikabaki kwenye magugu. Hakuna aliyeiokota. Wakaanza kushuka, Amos mbele akionyesha njia kuelekea bomani kwake kwenye moto na maziwa, Isdori katikati, Winifrida nyuma.

"Usimwache asinzie," Amos alisema bila kugeuka. "Baridi ikimwingia hivyo, asisinzie. Mwongeleshe."

"Fortunata," Isdori akaita.

Kimya.

"Fortunata!"

Mtoto alikuwa macho. Winifrida aliyaona yale macho, makubwa, juu ya bega la baba yake. Yalikuwa yamegeuka nyuma, yanamtazama yeye, yanangoja ruhusa.

"Itika," Winifrida alisema, akikimbia kuwafikia, matope yakimrukia usoni. "Itika, mama. Akikuita itika. Siku zote itika."

Fortunata akamtazama kidogo zaidi, kuhakikisha kwamba hadanganywi.

"Abee, baba," alisema.